Kwa Nini Karani Alimng'ata Bibi

Simu ya shangazi iliingia saa nne usiku, nikiwa bwenini Dar es Salaam nahangaika na sura ya pili ya tasnifu yangu. Hakunisalimia. "Njoo umwone bibi yako. Yule paka wake kamng'ata."

Bibi anaishi Ngamiani, Tanga, na Karani ameishi naye mwaka wa sita sasa. Ni dume mweusi mwenye kifua cheupe, kama mtu aliyevaa shati la ofisini ndani ya koti, ndiyo maana akaitwa hivyo. Bibi alimwokota nyuma ya soko la samaki akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Tangu hapo hulala miguuni pake, na kila jioni, redio ikianza kusoma habari, hupanda mapajani mwake. Jioni ile alipanda kama kawaida na kukoroma kama kawaida, bibi akimpapasa mgongo na tumbo. Ghafla akageuza shingo, akazamisha meno chini ya kidole gumba, akaruka chini. Kisha akakaa karibu na mlango akijilamba, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilipofika kesho yake mkono wa bibi ulikuwa umevimba kama andazi. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Tundu lake hujifunga haraka juu na kuacha vijidudu chini, karibu na kano na maungio. Mojawapo ya bakteria wanaopatikana sana mdomoni mwa paka huitwa Pasteurella, kwa heshima ya Louis Pasteur, Mfaransa yule yule ambaye mwaka 1885 alimchanja mtoto Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Asubuhi hiyo bibi alizihitaji kazi zote mbili zinazokumbusha jina hilo: antibayotiki kwa ajili ya uvimbe, na sindano ya kwanza ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye huweza kuubeba ugonjwa huo na Karani hakuwa amechanjwa.

Muuguzi aliuliza kama jeraha lilioshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Halikuoshwa, lilipakwa manjano. Akatikisa kichwa, akaliosha mwenyewe, kisha akatoa agizo lililobadilisha wiki yangu: paka asiuawe wala asitupwe, afungiwe ndani na kuangaliwa kwa siku 10. Paka ambaye mate yake yana virusi vya kichaa siku anapong'ata huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, sindano zinazofuata zinaweza kusitishwa.

Shangazi alikuwa amekwisha kuzungumza na kijana wa bajaji kuhusu gunia. Mpango ulikuwa Karani akamwagwe sokoni, mbali, asiweze kurudi. "Siku kumi," akasema, akihesabu kwa vidole. "Ya kumi na moja simtaki humu. Huyo si paka tena, amegeuka nunda."

Nikapewa kazi ya kumlinda mshtakiwa. Nilifungua kompyuta katika chumba cha nyuma, yeye akalala juu ya mfuko wa kompyuta, na badala ya kuandika juu ya makuli wa bandari, nikaanza kusoma habari za paka.

Neno alilotumia shangazi ndilo lililonianzisha. Nunda tunamjua kutokana na ngano ya Sultani Majnuni, mojawapo ya hadithi ambazo Askofu Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Ndani yake kuna paka wa nyumbani kwa sultani. Paka anaanza kukamata wanyama. Watu wanakwenda kushtaki, na kila mara sultani anawajibu kwamba paka ni wake na alicholiwa ni chake, basi waache. Paka anapanda ngazi, kutoka mifugo hadi binadamu, na sultani bado anamtetea. Siku paka anapowaua watoto wake mwenyewe ndipo anakiri kwamba huyo si paka, ni nunda mla watu. Mwanawe wa mwisho anaingia mwituni kumtafuta.

Shangazi huisoma ngano hii kama onyo juu ya paka. Nilipoirudia katika chumba kile cha nyuma, niliona inamhusu zaidi sultani. Mnyama hafichi kitu, na watu wanamwona wanasema. Mmoja tu haoni, na anayemziba macho ni lile neno "wangu". Anaamini kwamba kilicho chake hakiwezi kumdhuru.

Je, paka aliwahi kuwa wetu? Hilo ni swali la historia.

Wanyama wengi wa nyumbani tuliwafuata sisi. Tuliwakamata, tukawafunga, tukachagua wapole wazae na wakali waliwe. Mbwa alipitia maelfu ya miaka ya kuchaguliwa kwa kazi: kulinda, kuchunga, kuwinda akisikiliza amri. Paka alikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi, Carlos Driscoll akiwa mmoja wao, lilitangaza matokeo ya kulinganisha vinasaba vya karibu paka 1,000, wa mwitu na wa nyumbani. Ukoo wa paka wetu wote ulielekea kwa paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, wa jamii ya Felis lybica, ambao ndugu zao bado wanazurura katika mbuga zetu hapa Tanzania. Ni katika eneo hilo ambako, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, watu walianza kulima nafaka na kuiweka ghalani. Nafaka ilileta panya, na panya wakamleta paka. Hakuna aliyehitaji kumfunga kamba. Waliostahimili kukaa karibu na watu walishiba na kuzaa, na watu waliwastahimili kwa sababu ghala lilikuwa salama zaidi.

Makubaliano yenyewe yalikuwa hayo tu. Kazi tuliyomkaribishia paka ni kung'ata, na paka aliyepoteza hamu ya kung'ata hangetufaa. Kwa hiyo, wakati tulipokuwa tukimpunguzia mbwa ukali kizazi baada ya kizazi, paka tuliachana naye na meno yake yote, na ustadi wote wa kuyatumia.

Hata hivyo mapenzi yaliingia mapema. Katika kijiji cha kale cha Shillourokambos, kisiwani Saiprasi, wanaakiolojia walioongozwa na Jean-Denis Vigne walitangaza mwaka 2004 kwamba wamepata kaburi la mtu lenye umri wa miaka 9,500 hivi. Sentimita 40 tu kutoka hapo alikuwa amelazwa paka wa umri wa miezi kama minane. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, maana yake mtu fulani alimpakia paka chomboni na kuvuka naye bahari. Nilimfikiria mtu huyo sana. Katika vyombo vya wakati ule, na mnyama nusu mwitu kifuani, sidhani kama alifika Saiprasi bila mikwaruzo.

Wamisri wa kale, waliompenda paka kuliko taifa lolote tunalolijua, hawakujidanganya kuhusu meno yake. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 KK, anasema paka akifa nyumbani, watu wa nyumba ile hunyoa nyusi zao kwa msiba. Mwanamfalme Thutmose, mtoto wa Farao Amenhotep III, alimchongea paka wake jeneza la jiwe. Lakini tazama mchoro wa kaburi la Nebamun, wa takriban mwaka 1350 KK, ambao sasa uko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Nebamun yuko mtumbwini kwenye matete pamoja na mkewe na binti yao, na mbele yao ni paka wao. Msanii hakumchora amejikunja mapajani. Amemchora hewani akiwa na ndege mdomoni, ndege mwingine kwenye kucha za mbele, na wa tatu kwenye miguu ya nyuma. Hiyo ndiyo picha ya familia waliyotaka kwenda nayo ahera. Bastet mwenyewe, mungu wao mwenye kichwa cha paka, mwanzoni alichongwa na kichwa cha simba jike. Mapenzi na jino walivijua kuwa viko katika mwili mmoja.

Sisemi kwamba walimtendea haki. Picha za eksirei za baadhi ya maiti za paka zilizokaushwa zinaonyesha paka wachanga waliovunjwa shingo ili wauzwe kama sadaka kwa mahujaji. Mwaka 1890 maiti hizo, zinazokadiriwa kufikia 180,000, zilisafirishwa hadi Liverpool zikasagwe kuwa mbolea. Katika uhusiano huu wa miaka elfu kumi, aliyeng'ata zaidi si paka.

Siku ya tatu shangazi alipita mlangoni, akaniona nampa Karani dagaa. "Tena unamlisha! Kwani alikuwa na njaa alipomng'ata mama?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Methali yetu ya pwani inasema: paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec aliijaribu methali hii bila kuijua. Aliwapa paka chakula wanachokipenda, na wakiwa katikati ya kula akawaletea panya. Waliacha chakula, wakamuua panya, wakamleta karibu na chakula chao, kisha wakaendelea kula walichoandaliwa. Kabla yake, Mjerumani Paul Leyhausen, aliyetumia maisha yake kuwatazama paka, alikuwa amekwisha kueleza kwamba kunyatia, kukamata, kuua na kula ni hamu mbalimbali, kila moja ina njia yake. Shibe huzima ya mwisho tu. Ndiyo maana paka aliyeshiba hukurupukia vidole vya miguu chini ya shuka. Kinachosogea ghafla kinaamsha kitu kilichokuwa ndani yake kabla ya ghala la kwanza kujengwa.

Lakini mkono wa bibi haukuwa panya, na haukuwa umesogea ghafla. Ulikuwa unampapasa. Hapo nilikutana na maelezo mengine. Paka wawili wanaopendana hulambana na kusuguana, hasa kichwani na shingoni, kwa muda mfupi, kisha kila mmoja anashika lake. Binadamu hupapasa kwa muda mrefu, mgongo mzima, hadi tumboni ambako paka hukulinda kuliko kwingine kokote. Raha ikizidi kipimo hugeuka kero. Paka husema hivyo kwa mwili wake: mkia unaanza kupigapiga ncha, ngozi ya mgongo inatetemeka, masikio yanageukia nyuma, mkoromo unakatika, kichwa kinaufuata mkono. Asiposikilizwa, analo neno moja limebaki. Sababu nyingine zipo. Paka mwenye maumivu hung'ata anapoguswa panapouma. Aliyemwona paka mgeni dirishani huweza kumalizia hasira kwa aliye karibu. Asiyeshikwa na watu kati ya wiki ya pili na ya saba ya uhai wake huweza kuwaogopa maisha yake yote. Nilimkagua Karani meno, masikio na viungo. Hakulalamika popote.

Nikajikuta narudi kwenye tasnifu yangu kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1939 makuli wa bandari waligoma Dar es Salaam na hapa Tanga. Ukiusoma mgomo kwa kutumia karatasi za waliokuwa wakubwa tu, unakuja kama radi katika anga isiyo na wingu. Jana watu walibeba mizigo, leo wameacha. Msimamizi wangu husisitiza kwamba hakuna mgomo unaoanza siku ya mgomo. Kabla yake kuna kazi iliyofanywa polepole makusudi, kuna wasiokuja Jumatatu, kuna nyimbo. Zote hizo zilikuwa lugha, ila hazikuingia kwenye faili kwa sababu wenye faili hawakuona kuwa zinasema kitu. Neno "ghafla" katika nyaraka mara nyingi humweleza aliyeandika, si aliyeandikwa.

Nami nilikuwa nimeandika, mwanzoni mwa maelezo haya, kwamba Karani aligeuza shingo ghafla. Ndivyo nilivyosimuliwa na bibi.

Jioni ya sita niliwaweka tena pamoja, mimi nikiwa kando na taulo mkononi. Shangazi alikuwa ametoka. Redio ilianza, Karani akapanda. Bibi alimpapasa kwa mkono mzima, ule mwingine ukiwa bado na bandeji. Kwa dakika chache kila kitu kilikuwa raha. Kisha nikaona ncha ya mkia ikipiga kanga, mara moja, mara mbili. Bibi akaendelea. Masikio yakageuka, na bibi akaendelea.

"Bibi, mkia."

"Mkia gani, mume wangu?"

"Wa Karani. Unapiga."

Bibi aliinamisha uso hadi karibu na mapaja yake, akakunja macho. Kanga yake ilikuwa nyeusi, na mkia ulikuwa mweusi. Mkono wake ulisimama hewani, ukitafuta. Karani akashuka mwenyewe, akaenda zake.

Tulikaa kimya kidogo. Nikamwuliza ni lini mara ya mwisho kushona kofia. Bibi ameshona kofia za vito tangu kabla mama yangu hajazaliwa, tundu kwa tundu, na mwaka uliopita alituambia vidole vimechoka. Tulimwamini. Vidole vya mtu wa miaka 78 vina haki ya kuchoka. Nikakumbuka chai yenye chumvi siku ya Idi, tuliyoicheka wote, na yeye akacheka kuliko sisi.

"Kuna ukungu," akasema hatimaye. "Uko muda. Sikutaka mnihamishe nyumba hii."

Karani hakuwa amebadilika. Kwa miaka sita alikuwa akisema "basi" kwa mkia, na bibi alikuwa akiona na kuondoa mkono, bila hata kujua kwamba anaona. Hayo yalikuwa mazungumzo yao. Macho yalipofifia, mmoja aliendelea kusema na mwingine akaacha kusikia, na hakuna kati yao aliyejua kwa nini. Huenda paka alingoja siku nyingi kabla ya kufikia jino. Sisi wengine, wenye macho mazima, tulikuwa tukipita mle ndani kila sikukuu, na hatukuona lolote.

Nilimpigia shangazi. Nilitegemea ubishi, lakini alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwezi uliopita mama alimpa noti ya elfu kumi akidhani ni ya elfu mbili, naye alidhani ni ukarimu.

Siku ya kumi Karani alikuwa mzima, ananenepa kwa dagaa wa kifungoni. Sindano zikasitishwa. Siku ya kumi na moja bajaji ilikuja mlangoni kweli, lakini aliyepanda ni bibi, akipelekwa kupimwa macho. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kulia limekwisha kufanyiwa upasuaji, la kushoto linasubiri zamu.

Shangazi hajampenda paka. Bado humwita nunda, ila gunia amelirudisha stoo. Karani naye amechanjwa, jambo ambalo lilipaswa kufanyika miaka sita iliyopita, na kila mwenye paka anayesoma hapa anaweza kulifanya wiki hii.

Nilirudi Tanga mwezi uliopita. Jioni redio ilianza, Karani akapanda mapajani, safari hii juu ya kanga ya njano ambayo nilimletea bibi makusudi. Alimpapasa kichwani, akashuka shingoni. Baada ya muda nikaona ncha ya mkia ikigonga, na kabla sijafungua mdomo bibi alikuwa amekwisha kuinua mkono na kuuweka juu ya mto.

"Hataki tena," akaniambia. Karani hakushuka. Alijikunja pale pale, akalala.